Franco: mtoto wa muuza maandazi aliyekuja kujenga klabu yake

Ukishuka matatu ya nambari 46 pale Kawangware ukauliza njia ya kwenda Congo, mtu atakuelekeza bila kushangaa, maana Congo ni jina la sehemu ya mtaa ule, si nchi ya mbali. Mimi Kawangware sikuijua kwa shughuli zangu. Niliijua kwa sababu ya ami, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetoka Mombasa miaka ya 1970 kuja Nairobi kutafuta kazi. Alipanga chumba kwa Wanubi wa Makina, Kibera, ili awe karibu na msikiti. Kisha, kwa shida za dunia, akaajiriwa kazi ya usiku kwenye baa moja ya Kawangware.

Kazi yake haikuwa kuuza pombe. Alikaa pembeni nyuma ya meza ndogo, mbele yake mashine ya santuri na masanduku mawili ya mbao, akibadilisha sahani moja baada ya nyingine mpaka usiku wa manane. Zamu ikiisha alitembea kwa miguu, akavuka Barabara ya Ngong gizani, na mara nyingi alifika Makina adhana ya alfajiri inalia. Alitawadha, akaswali, akalala. Babu alipopata habari kule Mombasa kwamba mwanawe anakula mshahara wa baa, aliacha kumjibu barua. Miaka minane haikwenda barua wala salamu.

Nayaeleza haya mwanzo ili msomaji ajue kwa nini mtu kama mimi, niliyelelewa baina ya chuo na msikiti, naandika leo habari za mwenye klabu wa Kinshasa. Santuri zilizochakaa zaidi katika masanduku yale zilikuwa za mtu mmoja. Wazee wa Kibera na Kawangware waliokuwa vijana wakati ule bado wakikaa barazani humtaja kama jirani aliyehama: Franco, jina kamili François Luambo Makiadi.

Wengi wamemwandika Franco kwa gitaa lake. Gitaa lilistahili. Lakini kwa masikio yangu mimi maisha ya mtu huyu yanaeleweka vizuri zaidi ukiyafuata kwa milango: mlango wa sokoni alipokuwa mtoto, mlango wa baa ya mtu mwingine alipokuwa kijana, na mlango wa klabu yake mwenyewe alipokuwa tajiri.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938, Sona Bata, magharibi mwa Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Familia ikahamia Léopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa, na baba akafariki Franco akiwa bado mdogo, wa miaka kama kumi hivi. Shule ikaishia hapo. Mama yake alikuwa na meza sokoni Ngiri-Ngiri akiuza maandazi. Kazi hiyo sisi wa pwani tunaijua vizuri, maana ni nyumba ngapi za Mombasa, Lamu na Malindi ambazo watoto wamesomeshwa kwa mahamri ya mama? Mwana alikaa kando ya meza na gitaa alilojitengenezea mwenyewe kwa ubao na nyaya, akipiga ili wapita njia wasimame. Wakisimama, walinunua. Hiyo ndiyo biashara yake ya kwanza ya muziki, na ukitazama vizuri utaona kwamba hakuibadilisha tena mpaka kufa kwake: unapiga, watu wanasimama, kitu kingine kinauzwa.

Mwalimu wake alikuwa kijana wa mtaani, Paul Ebengo, aliyejulikana kwa jina la Dewayon. Mwaka 1953, Franco ana miaka 15, Henri Bowane akampeleka kwenye studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya mfanyabiashara wa Kigiriki. Huko alipewa gitaa la kweli na mkataba wa miaka mingi, na jina la François likakatwa likawa Franco. Wenye studio za Léopoldville wakati huo walikuwa wageni, wenye santuri walikuwa wageni, na Mwafrika alipewa ujira wa kurekodi akaondoka. Kama Fundi Konde wetu wa huku pwani na wenzake waliorekodi Nairobi miaka hiyo hiyo, Franco alijifunza mapema kwamba anayepiga si lazima awe ndiye anayekula.

Mlango wa pili ulifunguka tarehe 6 Juni 1956. Wanamuziki wa Loningisa walikuwa wakipiga kwenye baa moja ya mjini, mwenyewe akijulikana kwa jina la Oscar Kashama. Baa iliitwa OK, na bendi ikachukua jina la baa, ikawa OK Jazz. Franco hakuwa mkubwa wao. Mkubwa alikuwa Jean Serge Essous, mpuliza klarineti, na waimbaji walikuwa na majina kuliko yeye. Alikuwa kijana wa miaka 17 mwenye gitaa. Lakini wenziwe walikuja na kuondoka, wengine wakavuka mto kwenda Brazzaville, wengine wakaanzisha bendi zao, na yeye akabaki. Hata alipofungwa muda mfupi mwaka 1958 kwa makosa ya kuendesha pikipiki, alitoka akakuta umati ukimngoja. Baada ya miaka kadhaa bendi ikawa ya aliyebaki.

Hapo ndipo jina likarefuka. Mbele ya OK Jazz zikaongezwa herufi T na P, za maneno ya Kifaransa yenye maana ya Mwenye Nguvu Zote. Ami alikuwa akilitamka kwa ufupi tu, TP, akiogopa kulifafanua, kwa sababu sisi tuliosoma madrasa tunajua sifa hiyo ni ya Nani. Lakini watu wa baa hawakulijali hilo. Kwao TP ilikuwa ni bendi yenye watu wengi jukwaani kuliko nyingine yoyote, pembe zikilia pamoja, magitaa matatu au manne yakisukana, na katikati jitu zima limeketi kitini na gitaa limeonekana kama kitoto juu ya tumbo.

Kabla ya kufika kwenye klabu, kuna jambo siwezi kuliruka. Franco alikuwa na ndugu mdogo, Bavon Marie-Marie, naye mpiga gitaa hodari mwenye bendi yake, mpendwa wa vijana. Mwaka 1970 Bavon alikufa kwa ajali ya gari. Mji ukajaa maneno kwamba kaka amemtoa nduguye kafara ili gitaa lake lizidi kuwika. Franco akaacha muziki kwa muda kwa huzuni. Maneno hayo yalisafiri mpaka Kawangware, na bado utawakuta watu wazima wenye akili zao wakiyahadithia kama habari ya jana. Nami nasema ni dhulma. Mtu akipata mali Afrika, sisi wenyewe hatuamini kuwa ameipata kwa kukesha akifanya kazi, mpaka tumtafutie maiti ya kuipandishia. Huku pwani pia tumewaandama kwa uvumi wa namna hii wenye maduka na wenye majahazi, na baadhi yao wamekufa bila kusafishwa majina.

Sasa mlango wa tatu. Katika miaka ya 1970 Franco alijenga klabu yake Matonge, mtaa wa starehe wa Kinshasa, akaiita Un-Deux-Trois, yaani Moja Mbili Tatu. Haikuwa baa ya kukodi. Lilikuwa jengo lake, na chini ukumbi wa dansi ambako TP OK Jazz ndio wenyeji. Ukiwa na ukumbi wako huombi siku ya kupiga, hungojei mwenye baa akuhesabie mapato, huambiwi leo wateja wachache. Mtoto aliyewasimamisha wapita njia mbele ya meza ya maandazi sasa alikuwa na mlango wa kuwalipisha. Wengine wakafuata mfano. Verckys, mpuliza saksafoni aliyewahi kuwa chini yake kabla ya kutoka mwaka 1969, naye akajenga jengo lake la muziki, Vévé Centre, mwaka 1978.

Lakini ukumbi haujengwi na nyimbo peke yake. Ilikuwa Zaire ya Mobutu, na Franco alikuwa karibu na mkuu. Serikali ilipotwaa biashara za wageni kuanzia mwishoni mwa 1973, kiwanda cha kuchapa santuri cha Mazadis kikaangukia chini ya usimamizi wake. Akawa pia kiongozi wa chama cha wanamuziki. Fikiria, msomaji: bendi kubwa ni yake, klabu ni yake, kiwanda cha santuri kiko mkononi mwake, na chama cha kuwatetea wanamuziki yeye ndiye mwenye kiti. Mwanamuziki kijana mwenye lalamiko alikuwa na mlango gani wa kubisha? Wapenzi wa Franco hawapendi swali hili. Ami naye hakulipenda. Lakini Mgiriki wa Loningisa alikuwa ameondoka, na kiti chake hakikubaki kitupu.

Mwaka 1974 dunia nzima ilifika Kinshasa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Tamasha la muziki lilifanyika Septemba, pambano lenyewe likapigwa Oktoba 30, na Franco alipanda jukwaa moja na Wamarekani kina James Brown na B.B. King. Kibera walishangilia kwa sababu mbili, kwanza Ali, Muislamu mwenzao, na pili kwamba mwenye mji anayewakaribisha wageni alikuwa ni yule yule wa santuri zao.

Hakuwa kibaraka mtupu, lazima tumpe haki yake. Mobutu alipowanyonga hadharani wanasiasa wanne mwaka 1966, Franco alitoa wimbo wa mafumbo juu ya mchawi, wakubwa wakaelewa, naye ikabidi avuke mto akae Brazzaville kwa muda. Halafu mwaka 1984 akaimba kumfanyia kampeni Mobutu huyo huyo, kwa wimbo mrefu unaowaonya wasiomuunga mkono. Zote mbili ni kazi za mkono mmoja. Na mwaka 1978 alitiwa ndani pamoja na baadhi ya wanamuziki wake kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi, akavuliwa nishani aliyokuwa amepewa na serikali. Hapo sina la kumtetea. Sisi wa pwani tuna taarabu na mafumbo yake, tunajua mtu anaweza kusema kila kitu bila kusema kitu, na mtu wa kipaji chake hakuhitaji uchafu.

Baada ya hapo alianza kuishi zaidi Ubelgiji. Wakati mwingine bendi yake ilikuwa na wanamuziki zaidi ya 30, hivyo aligawa kikosi, wengine wakienda naye Ulaya na wengine wakibaki kuendesha usiku wa Un-Deux-Trois chini ya Lutumba Simaro, mtunzi aliyekuwa mkono wake wa kulia.

Na ni katika kipindi hiki, kwenye mwaka 1980 au karibu na hapo, ndipo habari za maisha yake zinaposema kuwa alisilimu na kuchukua jina la Abubakar Sidiki. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani ni uzushi wa mashabiki. Sivyo. Alizaliwa Mkatoliki, akajiita jina la khalifa wa kwanza, na klabu yake haikufunga mlango. Wapo watakaosema kusilimu gani huko. Ami, ambaye alijua vizuri kuliko mimi njia ya kutoka kwenye baa kwenda msikitini kabla ya mapambazuko, hakuwahi kusema hivyo. Alipoambiwa habari hiyo alinyamaza, kisha akainuka kwenda kutawadha, ingawa haukuwa wakati wa swala yoyote. Mimi ninaiacha hapo alipoiacha yeye.

Mwaka 1985 ukatoka wimbo Mario. Nani katika rika la wazazi wetu hajui kisa chake: kijana msomi mwenye vyeti anayeishi kwa mgongo wa mwanamke mkubwa kumzidi, anakula, analala, anafanya fujo, mpaka mama wa watu anachoka. Wimbo ni wa Kilingala na Kawangware haikujua Kilingala. Lakini Wakongo walikuwepo mitaani, wakaueleza, na kuanzia hapo kila kijana wa Kibera asiyelipa kodi ya chumba akaitwa Mario. Ami alisema usiku huo wa kwanza aliupiga mara nyingi mpaka sindano ikaanza kukwaruza, na wanawake waliokuwa wakifanya kazi pale ndio waliocheka kwa sauti kubwa zaidi. Wengine kati yao walikuwa wanawalisha kina Mario wao nyumbani.

Franco alikuja Kenya na bendi yake katika miaka hiyo ya 1980. Tiketi ilikuwa nje ya uwezo wa mshahara wa ami. Alisimama ukutani upande wa nje pamoja na mamia ya watu wa aina yake, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi Makina kwa miguu. Aliniambia kwamba hakumuona Franco, lakini alilitambua gitaa kwa namna linavyorudia neno lile lile kama mtu mkaidi.

Mwaka 1987 akarekodi wimbo mrefu wa kuonya juu ya UKIMWI, wakati ambapo viongozi wengi wa Afrika walikuwa hawataki hata kulitaja jina la ugonjwa huo. Alitaja kila mtu, wanafunzi, walimu, madaktari, wenye nyumba. Muda si mrefu mwili wake mkubwa ukaanza kupungua, na midomo ya watu ikaanza kazi yake. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989, Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku nne za maombolezo, redio ikapiga nyimbo zake tu, na akazikwa makaburi ya Gombe.

Sasa mirathi. Simaro na wenziwe waliendelea na bendi chini ya jina lile lile kwa miaka michache. Kisha likaja suala la mapato, ni fungu gani la familia ya marehemu mwenye jina na ni fungu gani la wanaopanda jukwaani. Hawakuelewana. Mwishoni mwa 1993 mambo yakavunjika, na mwaka 1994 wanamuziki wakaanzisha bendi yao, Bana OK, yaani watoto wa OK. Jina likabaki kwa familia bila bendi, na bendi ikabaki bila jina. Mtu aliyemiliki mlango, ukumbi na kiwanda hakuacha karatasi iliyotosha kuwapatanisha watu wake.

Sisemi hili kwa kumcheka. Ami alipofariki hakuacha nyumba wala shamba, aliacha masanduku mawili ya santuri aliyopewa baa ilipofungwa, badala ya mishahara ya miezi mitatu ambayo hakulipwa. Binamu zangu waligawanyika. Mmoja alitaka yachomwe, akisema ni mali ya haramu isiingie katika mirathi. Mwingine alikwisha kumpata mnunuzi, Mzungu mmoja anayekusanya santuri za zamani. Bei aliyotaja ilimfanya hata yule wa kuchoma aulize mara ya pili. Tulikwenda kwa shekhe mmoja wa Kibera. Alisikiliza, akauliza kama marehemu alikuwa na deni. Alikuwa nalo, kwa mwenye nyumba wa Makina, la kodi ya miezi ya ugonjwa. Shekhe akasema deni litangulie. Sanduku moja likauzwa, deni likalipwa na kilichobaki kikagawanywa.

La pili hakuna aliyelidai, kwa kuwa Mzungu alilikagua akaona sahani zimekwaruzika mno. Liko kwangu. Juu kabisa ipo Mario, karatasi yake ya katikati imefutika upande mmoja, mahali kidole gumba cha ami kilipokuwa kikishika. Nimenunua mashine ya zamani soko la Toi ili niisikilize mara moja tu, lakini sindano yake imevunjika, na fundi amenitaka nirudi Jumamosi.